Mla Mwangwi

"Endelea kurekodi," kaka alisema, hata vumbi halijatua.

Mdogo wake, ambaye ndiye aliyeshika kamera, akaigeuzia kule walikoingilia. Hapakuwa na mlango tena, ni mawe matupu kutoka chini hadi juu. Akapiga ukelele. Handaki halikumrudishia hata mwangwi.

Zimwi wa filamu yao aliitwa Mla Mwangwi. Alikaa katika machimbo ya zamani kama haya, akimeza sauti za watu, kisha watu wenyewe. Wao walikuwa wawili tu, na kamera ya kuazima na vazi la zimwi lililoshonwa kwa magunia. Watazamaji wangeambiwa kamera imeokotwa, wenyewe hawakuonekana tena.

Kifua kikaanza kumbana yule mdogo. Pumu. Dawa yake ya kuvuta alikuwa ameiacha kwenye gari.

"Kaka, tutafia humu."

Akammulika kwa taa ya kamera. Kaka yake alikuwa ameketi, mgongo ukutani, vazi la zimwi amejifunika kuanzia kiunoni. Uso umetulia kama wa mtu anayengoja zamu kwa kinyozi.

Utulivu ule ukamtia shaka. Katika filamu iliyopita, kaka huyuhuyu alimfungia mwigizaji stoo mchana kutwa, eti apate hofu ya kweli.

"Umepanga wewe," akasema, pumzi zikikatika. "Usinifiche. Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja."

Kaka akacheka, kicheko kifupi.

"Haya, umenishika. Nina vijana nje, wana sururu. Picha ikitimia watafungua. Sasa kaa kitako, vuta pumzi taratibu. Na hiyo taa izime, tusimalize betri."

Mdogo wake alimtukana matusi yote aliyoyajua na mengine aliyoyatunga palepale, mpaka akaishiwa. Hasira ikaifukuza hofu, kifua kikalegea. Akaenda kukaa mbali naye makusudi.

Mara mbili kaka alimwita gizani kumuuliza kama anapumua vizuri. Mara ya kwanza alimjibu, "Usinisemeshe." Mara ya pili hakujibu kabisa. Baadaye usingizi ukampitia.

Kilichomwamsha ni mlio wa sururu. Jiwe likaondoka, mwanga ukaingia, na nyuma ya mwanga mwanamume mwenye kofia ngumu.

"Mmechelewa," akamwambia. "Na bosi wenu mwambieni mimi na filamu zake basi."

"Bosi gani, dada? Sisi tunavunja kokoto ng'ambo ya kilima. Tumeona gari milango wazi tangu asubuhi, ndipo tukaja kutazama."

Taa yake ikampita, ikamfikia kaka. Akainama, akafunua vazi. Akawaita wenzake walete mtaimbo wa kuinulia jiwe, kisha, kwa sauti ya chini, akawaambia hakuna haja ya kukimbia.