Wapangaji wa Tumbo la Bi Nyungunyungu

Wapenda umbea, sogeeni. Bi Nyungunyungu alikuwa na domo refu kuliko mwili. Kutwa alimringia Jongoo, "Shoga, udongo huu mweusi nimeupika mimi. Hawa vijidudu waliojazana tumboni mwangu, wadogo hata hawaonekani, kazi yao kula tu!"

"Si uwafukuze?" Jongoo akamchochea.

Naye, kwa akili zake hizo, akabugia majivu ya jikoni, akaharisha mpaka wote wakamtoka. Kisha akameza jani la mgomba kwa mbwembwe. Jani likakaa tumboni vilevile lilivyoingia. Meno hana, wa kumlainishia hana. Akavimba mpaka mlango wa shimo lake ukamkataa, na mara akatokea kuku akiparuaparua.

Akajikokota hadi pale vijidudu walipolala udongoni, akawapaka ute wake waamke.

"Wanangu, rudini, nitaliwa!"

"Kwani mpishi nani?" wakauliza.

"Nyinyi!" Akacheka huku machozi yakimtoka. "Mimi na maringo yangu yote ni sufuria tu, tena sufuria ipigayo domo!"

Wakaingia, wakalishambulia jani. Tumbo likanywea, Bi Nyungunyungu akateleza shimoni, na mdomo wa kuku ukadonoa vumbi.

Kesho yake Jongoo akamuuliza, "Mpishi, umepika nini leo?"

"Usiniite mpishi, shoga, mimi chombo tu," akajibu kwa unyenyekevu mkubwa, kisha akasogea karibu. "Lakini hao wapishi wangu! Wacha nikwambie wanavyogombana humu ndani."