Kiganja cha Nasra

Kila Jumamosi, watu wanaojifunza upya kula bila hofu hupika pamoja kwa mnasihi wao, Bi Salha. Nasra ndiye wa mchuzi, ila chumvi huwaonjesha wenzake. Leo wote walikataa.

"Mpishi ndiye anayeonja," alisema Bi Salha, mikono ameificha mgongoni.

"Basi mtakula chumvi tupu!"

"Tutakula."

Nasra alidondosha mchuzi kiganjani, akautazama mpaka ukapoa. Kisha akaulamba upesi, kama mtoto anayeiba sukari.



"Mbona hauna hata ndimu?" alifoka. "Mwezi mzima mnanidanganya kuwa ni mtamu!"

Wakaangua kicheko. Nasra akakamua ndimu, akakoroga, kisha akakinga tena kiganja.