Mistari ya Mwanahawa

Tangu apone Korona, Mwanahawa alikuwa akipoteza vitu, na kila kilichopotea alimshuku mumewe, Shomari, kuwa amekificha ili yeye aonekane mwendawazimu.

Siku moja alikaa hospitalini, Shomari kando yake, nyaya nyembamba za kupima ubongo zimebandikwa kichwani. Daktari alimtajia maneno matatu, wakazungumza kidogo, kisha akamwomba ayarudie.

"Hujanitajia neno lolote," Mwanahawa alisema. Akamgeukia Shomari. "Mmepatana nini ninyi wawili?"

Daktari aliigeuza skrini. "Mama, haya ni mawimbi ya ubongo wako. Yanakwenda taratibu kuliko kawaida. Nimeyaona hivi kwa wengine waliougua kama wewe. Ni maradhi, si wazimu."

Mwanahawa aliikodolea macho ile mistari. Haikumjua Shomari, wala haikuwa na sababu ya kumtetea.

Walipotoka, ujia uligawanyika kushoto na kulia. Alisimama.

"Tuliingilia wapi?" alimuuliza mumewe.

Shomari alionyesha kushoto. Mwanahawa alimchunguza uso kwa muda, kisha akatangulia kushoto, mkono mmoja ukipapasa ukuta.