Matone ya Msiba

Kina mama wenzangu, nawaambieni mapema. Siku hizi baba akifa, muuguzi wa mtaa huja na matone, kila mtoto tone moja ulimini, na kilio kinakatika hapohapo. Mwanangu Tunu alipewa matangani, akatoka nje kuruka kamba.

Jana niliungua mkono kwa mafuta ya maandazi, nikapiga kelele. Tunu akaniangalia tu.

"Usiogope, mama. Na wewe ukifa nitapewa mengine. Sasa hayo maandazi yameiva?"

Mdogo wake, Shamte, hakupewa, nilimficha uvunguni. Huyo anamlilia baba yake mpaka anatapika. Muuguzi akibisha hodi, namziba mdomo kwa kanga. Akishaondoka, namwachia, namwambia: haya, lia, mwanangu.