Mlango wa Bluu

Sheria ya barabara kuu ilipopitishwa, wakubwa waliamua magari yasipite tena katikati ya mji. Lami mpya ikawekwa nyuma ya mgahawa wa Bi Mwatime, na mbele wakabaki mbuzi, wamejinyoosha njiani kama wenye hati ya kiwanja. Siku ya tatu bila mteja, Bi Mwatime alichukua nyundo akaanza kubomoa ukuta wa jikoni.

"Dada, una wazimu?" akauliza Mbaruku, kinyozi wa jirani. "Huko ni nyuma!"

"Nyuma kwako wewe. Magari yako wapi?"

"Wageni wataingia wakutane na masufuria!"

"Ndiyo wajue kumeiva."

Mbaruku akacheka, lakini nyundo haikupumzika. Tundu lilipokuwa pana la kutosha mtu kupita, Bi Mwatime aling'oa mlango wa mbele, ule wa bluu uliochakazwa na mikono ya wasafiri kwa miaka ishirini, akajitwisha. Mbaruku alikitazama kiti chake kitupu cha kunyolea, kisha akaenda kuushika upande wa pili.

"Taratibu, jirani, usiniangushie," akasema Bi Mwatime.

Walipokuwa wakiusimamisha, vumbi bado limetanda, lori moja kwenye lami mpya lilipunguza mwendo, indiketa ikaanza kuwakawaka.