Bao la Ukumbini

Sudi alipokea pasi karibu na lango, akampiga chenga beki wa mwisho na kufunga. Ukumbi mzima ukalipuka kwa shangwe. Alikuwa mshambuliaji wa kulipwa tangu ujanani, kiangazi akicheza uwanja wa wazi, masika humu ndani, na kila alipofunga humu alikimbilia safu ya mbele alikokaa mkewe, Zubeda.

Leo pia miguu ilimfikisha huko kabla hajakumbuka kwamba walimzika Zubeda mwezi uliopita.

Kwenye kiti chake alikaa mwanamke asiyemjua, amepakata koti. Alimwona mchezaji amenyoosha mikono juu ya ukuta mfupi, akageuka kutazama nyuma yake, kisha akamtazama tena.

“Unamtafuta mtu, kaka?”

“Hapana, dada. Nimekosea tu.”

“Basi hongera kwa bao.”

“Ahsante,” alisema Sudi, lakini hakuondoka.

Mwanamke alisita. Akaweka koti chini, akaishika mikono ya Sudi yote miwili, kama watu wanavyoshikana msibani. Refa akapuliza filimbi. Wachezaji walikwisha kujipanga, mpira uko katikati, wote wakimngoja.