Mpira Uliorudi Umeshonwa

Mpira ulipovuka ukuta ulikuwa umepasuka. Uliporudi, kesho yake alasiri, ulikuwa umeshonwa.

Mfua jezi wa klabu aliuokota karibu na goli la mashariki, akaugeuzageuza mikononi. Mshono ulikwenda umenyooka, mwishoni mafundo mawili, na ncha ya uzi imechanguka kama iliyokatwa kwa meno. Akauweka chini taratibu, kama mtu aliyegundua ameshika kaa la moto.

"Nani kaushona?"

"Wa ng'ambo," binti yake alijibu bila kuinua macho.

Mama aliutazama tena ule uzi. Baba wa mtoto huyu alikuwa fundi viatu, na siku zote alikata uzi kwa meno, mkasi ukiwa mezani mbele yake.

Walikuwa wamehamia mtaa huu wawili tu. Majirani waliambiwa kwamba mama ni mjane. Wakampa pole, yakaisha. Binti alikuwa ameacha kuongea tangu asubuhi ile alipoamka akakuta viatu vya baba mlangoni na baba mwenyewe hayupo. "Baba amekufa," mama alimwambia, wala hakuongeza neno. Mazikoni mtoto hakupelekwa. Watoto wa mtaa mpya wakambandika jina: Bubu.

Kilichomrudishia sauti ni mpira wa miguu. Katibu wa klabu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa na kilio chake cha siku nyingi: jukwaa tupu.

"Watoto wanazijua timu za kwenye televisheni mpaka dereva wa basi lao," alilalamika. "Timu iliyo nyuma ya choo chao hawaijui hata rangi."

Mfua jezi, akikamua jezi ya kipa, akamwambia kwamba mtoto hapendi kitu kwa kuhubiriwa. Mpe kazi, ataona ni chake.

Kazi zikagawanywa. Huyu ngoma, yule bendera, wale wawili ndoo ya maji ya wachezaji. Bubu akapewa kuokota mipira nyuma ya goli la mashariki, chini ya ukuta mrefu ambao wenzake waliukwepa.

"Mpira ukivuka, usiufuate," walimwonya. "Kule watu wanaingia, kutoka ni bahati. Na ukiingia unaacha jina lako mlangoni."

Siku hiyo binti alimvuta mama nguo, akamwonyesha ukuta kwa kidole.

"Makaburi," mama alisema haraka. "Usisogee."

Lakini goli la kwanza la msimu lilipoingia, uwanja ulisikia sauti ambayo haujawahi kuisikia. Bubu alikuwa amesimama, ameupa mchezo mgongo, uso kaelekeza ukutani, akipaza: "Moja bila! Kafunga winga wa kushoto, kwa kichwa!"

Wenzake walicheka, kisha wakaiga. Ikawa ndiyo desturi ya jukwaa la watoto: kila goli likiingia, wote hukimbilia mashariki kuutangazia ukuta. Watoto wa mitaa ya jirani walikuja kutazama kioja hicho, wakanogewa, wakabaki. Jezi za televisheni zikaanza kupungua. Katibu alitembea kama jogoo aliyemwagiwa mtama.

"Mlimwita Bubu," alisema. "Kumbe redio tu, ilikosa betri."

Mama peke yake hakucheka. Jioni, akianika jezi, alimsikia binti chumbani akitangaza mechi nzima mbele ya vile viatu vya baba, ambavyo alikataa visitupwe. Na mipira iliendelea kuvuka ikiwa imechanika, ikirudi ikiwa mizima. Aliyeirusha hakuonekana. Mafundo mawili, uzi wa meno.

Jumamosi moja, baada ya filimbi ya mwisho, alimfuata katibu akiwa na ndoo ya jezi chafu mkononi.

"Mzee, binti yangu leo ndiyo mwisho."

"Mwisho wa nini tena, mwanangu? Ukimtoa huyo na wenzake wote wanamfuata. Na ile sauti yake je? Utairudisha ilikotoka?"

"Anaongea na mtu ambaye hayupo."

Katibu aliutazama ukuta, kisha akamtazama yeye.

"Wa kule wapo," alisema kwa upole. "Ni sisi tunaojifanya hawapo."

Mama aliacha ndoo pale pale, akakatiza uwanja.

Watazamaji walikuwa wameshaondoka. Binti alikuwa amekaa chini ya ukuta, shavu kwenye matofali, akisimulia polepole kama anayemlaza mtu usingizi.

"Penalti tumekosa, baba. Kipa wao kaenda kushoto kwake, akaudaka. Ila usihuzunike. Tutawapata kwao."

Mama alipiga magoti nyuma yake.

"Mwanangu, baba alikufa. Nilikwambia."

"Uliniambia," binti alikubali. Aliupapasa mkono wa mama kama yeye ndiye mkubwa.

"Basi twende nyumbani."

"Bado kidogo."

Ng'ambo kulikuwa kimya. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimefika kwenye nguzo za goli. Kisha filimbi ikalia, si ya refa, ikafuatwa na sauti nzito ya mwanamume:

"Wafungwa, mstari! Hesabu!"

Sauti zikaanza kupokezana, moja baada ya nyingine. Moja. Mbili. Tatu. Mama alirusha mikono kuziba masikio. Si yake, ya binti. Binti akaishika mikono ile, akaishusha mmoja mmoja, bila haraka.

"Ngoja, mama," alinong'ona. "Baba ni wa tisa."